Fedha ya Mchezaji na Tuta la Mfipa

Julai mosi hapa Sumbawanga ni siku ya makoti. Baridi inakata tangu alfajiri, upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi, na mahindi yaliyokauka yanachakarika shambani yakingoja mikono. Malori yameanza kujipanga kando ya barabara ya Tunduma. Kila unayekutana naye sokoni ana swali lilelile: NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, wataanza kununua lini, na kilo shilingi ngapi? Mkulima wa Ufipa hapati fedha kila mwezi. Anaipata mara moja, katika wiki chache, halafu mwaka mzima anaishi kwa kile alichoweza kukizuia kisimponyoke.

Siku hiyohiyo, kila mwaka, klabu ya New York Mets inamlipa mzee mmoja dola 1,193,248 na senti 20. Mzee huyo aliichezea klabu hiyo mara ya mwisho mwaka 1999, na mchezo wenyewe aliuacha mwaka 2001. Malipo yalianza mwaka 2011 na yatakoma mwaka 2035, atakapokuwa na umri wa miaka 72. Anaitwa Bobby Bonilla, na mchezo uliompa fedha hiyo ni besiboli.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa gongo la mti, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla mpira haujarudishwa. Kwetu bado ni mchezo mgeni. Dar es Salaam upo uwanja wake kwenye Shule ya Sekondari Azania, uliofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa Wajapani na kupewa jina la Koshien, uwanja mashuhuri wa kwao. Uganda wametutangulia mbali: mwaka 2022 vijana wao wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini na Los Angeles Dodgers. Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyeingia uwanjani na Pittsburgh Pirates tarehe 26 Aprili 2017 na kuishia michezo 41 tu kwenye ligi hiyo.

Mimi si mtu wa besiboli. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa hesabu za mazao: magunia yaliyoingia, yaliyotoka, deni la mbolea, bei ya leo na ya Januari. Kwa macho hayohayo ndiyo ninamtazama Bonilla, kwa sababu mchezaji wa kulipwa ni mkulima wa mavuno ya mara moja. Utafiti mmoja wa mwaka 2007 kuhusu wachezaji wa besiboli wa Marekani, ukiwaacha warushaji, ulionyesha kwamba kwa wastani mchezaji hudumu ligi kuu miaka 5.6. Akianza na miaka 24, amemaliza kabla hajafika 30. Mbele yake imebaki miaka arobaini au zaidi ya kula, kusomesha, kuugua na kuzika. Tunapotaja utajiri wake kwa kutaja mshahara tu, tunafanya kosa la mtu anayetazama ukubwa wa gunia bila kuuliza ni midomo mingapi inalingoja, na kwa miezi mingapi.

Turudi kwenye hesabu ya Bonilla, maana wengi huisimulia kama bahati nasibu. Alizaliwa Bronx mwaka 1963. Alijenga jina Pittsburgh, na Desemba 1991 Mets walimsainisha miaka mitano kwa dola milioni 29, mkataba mkubwa kuliko wote katika besiboli kwa wakati ule. Aliondoka, akatwaa ubingwa na Florida Marlins mwaka 1997, akarudi Mets akiwa mchovu. Mwanzoni mwa mwaka 2000 klabu ilitaka kumwacha, lakini mkataba uliidai dola milioni 5.9. Wangeweza kumlipa akaondoka nazo. Wakala wake, Dennis Gilbert, mtu aliyeijua biashara ya bima, akapendekeza njia nyingine: zisilipwe sasa. Zikae miaka kumi na moja kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kisha zilipwe kidogokidogo kwa miaka 25.

Chukua karatasi. Dola milioni 5.9 zikikua kwa asilimia 8 kila mwaka, baada ya miaka 11 zinakuwa kama milioni 13.8. Ukizigawa kwa malipo 25 yaliyo sawa, huku salio likiendelea kuzaa kwa kiwango kilekile, unapata milioni 1.19 kwa mwaka. Jumla ni dola milioni 29.8. Hakuna uchawi hapo. Bonilla hakuongezewa hata senti kwa mapenzi. Alilipwa bei ya kungoja. Mets nao hawakuwa wajinga. Mmoja wa wamiliki wao, Fred Wilpon, alikuwa na fedha zake kwa Bernard Madoff, na kule aliamini anavuna zaidi ya asilimia 8, hivyo kwake kuchelewesha malipo ilikuwa faida. Desemba 2008 Madoff akakamatwa, na faida ile ikaonekana haikuwahi kuwapo. Deni la Bonilla likabaki palepale.

Ufipa tuna kilimo kinachonisaidia kulieleza jambo hili kuliko kitabu chochote cha uwekezaji. Ni matuta ya duara ambayo wazee wanayaita intumba. Mvua zikiwa bado zipo na udongo laini, mkulima anakata nyasi, anazikusanya na kuzifunika kwa mabonge ya udongo. Juu ya tuta anapanda maharage, ale kidogo. Ndani ya tuta nyasi zinaoza polepole. Msimu unaofuata analibomoa, anausambaza ule udongo uliokuwa mweusi, kisha anamwaga ulezi. Uwanda wetu una ardhi iliyochoka, na nyasi hizo angeweza kuzichoma siku moja akapata majivu ya msimu mmoja. Watu wa hapa waliona zamani sana kwamba nyasi iliyofukiwa inalisha kuliko nyasi iliyochomwa. Bonilla alizifukia milioni 5.9. Hata maharage ya juu ya tuta alikuwa nayo, kwa sababu mkataba mwingine wa kucheleweshwa unampa dola 500,000 kwa mwaka tangu 2004.

Hapa lazima nimzuie msomaji kabla hajakimbilia kumshauri kila mchezaji wetu adai malipo ya miaka 25. Nyasi huoza vizuri ikiwa udongo una afya. Udongo wa Bonilla ni dola, tena kwa riba iliyokuwa juu kuliko mfumuko wa bei. Sisi tuna kumbukumbu nyingine. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kama shilingi 8. Kufikia mwaka 1990 ilikuwa inakaribia shilingi 200. Mtanzania ambaye mwaka 1980 angekubali kulipwa shilingi zilezile, bila riba, miaka kumi baadaye, angepokea karatasi. Wapo wazee mjini hapa waliotunza fedha benki na kwenye ushirika miaka ile, na wakisikia neno "akiba" uso unabadilika. Siwalaumu hata kidogo. Walifukia nyasi, ukaja mchwa.

Hali ya sasa si ile. Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuuza hatifungani za serikali za miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95, wakati mfumuko wa bei ulikuwa chini sana ya hapo. Mwaka uliofuata riba ya hatifungani mpya ilishushwa hadi kama asilimia 12.5, lakini aliyewahi ameshawahi: ya kwake haibadiliki. Mchezaji aliyechukua fedha ya usajili, tuseme shilingi milioni 100, akainunulia hatifungani ile, anapokea karibu milioni 8 kila baada ya miezi sita, kwa miaka 25, na mwishoni anarudishiwa milioni 100 yake. Huhitaji hata kuwa na milioni 100. Kiwango cha chini ni milioni moja. Shilingi itapungua nguvu njiani, ndiyo, na milioni 16 ya mwaka 2046 haitanunua inachonunua leo. Hata hivyo ni mshahara unaoingia bila goti kupona. Kwa nini basi tunawaona wachache sana wakifanya hivyo, na tunaona mengi yale maboma yaliyoishia kwenye linta, nyasi zimeota sebuleni? Nadhani ni kwa sababu boma linaonekana. Jirani analipita, mama anapigiwa makofi kanisani. Hatifungani haina paa la kung'aa.

Kuna Mtanzania mmoja ambaye maisha yake yanakataa kuingia kwenye hesabu hii, na kwa sababu hiyo nimemfikiria sana kuliko Bonilla. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, hakuwa na fedha ya kufukia.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alianza mbio za mita 1,500 akiwa mbele na akamaliza akiwa mbele. Muda wake, dakika 3 na sekunde 32.2, ulikuwa rekodi ya dunia. John Walker aliyekuwa nyuma yake naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na bado alikuwa wa pili. Mwaka uliofuata, 17 Mei 1975, Kingston, Jamaika, Bayi akavunja rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Mwaka 1976, Afrika ilipoigomea Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliobaki nyumbani, na pambano la Bayi na Walker ambalo dunia ililingoja halikufanyika. Alipata medali ya fedha Moscow mwaka 1980, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Siku moja baadaye Suleiman Nyambui akapata ya fedha pia, mita 5,000. Mpaka leo ninapoandika, medali hizo mbili ndizo pekee ambazo nchi yetu imewahi kupata Olimpiki.

Sasa uliza fedha. Hakuna. Riadha ya wakati ule ilikuwa ya ridhaa. Mkimbiaji kulipwa waziwazi ilikuwa kosa la kumfungia. Zawadi za fedha kwenye mashindano ya dunia ya riadha zilianza mwaka 1997, Athens, miaka 23 baada ya Christchurch. Bayi alikuwa mwanajeshi wa JWTZ, na askari mwenye rekodi mbili za dunia alirudi kambini kwa mshahara wa askari. Ukimlinganisha na besiboli ya wakati huohuo, ambako wastani wa mshahara mwaka 1976 ulikuwa kama dola 51,500, unaona kwamba mmoja wa wanariadha wakubwa kabisa wa karne alivuna kitu kimoja tu: jina.

Jina ni mavuno ya ajabu. Halipimwi kwa debe, haliwekwi ghalani, na likikaa bila kutumiwa linaoza kama nyanya. Wengi waliovuna jina walilila hivyohivyo, kwa kualikwa kwenye sherehe na kupigwa picha na viongozi. Bayi na mkewe Anna walilifukia kwenye shule. Walianza kwa watoto wadogo wachache Kimara, Dar es Salaam. Ikakua ikawa shule ya msingi, kisha wakajenga Mkuza, Kibaha, pamoja na sekondari, na viwanja vya michezo ndani yake. Yeye mwenyewe alitumikia Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi akiwa katibu mkuu.

Ukinibana nitasema biashara ile ilikuwa na akili kuliko inavyosemwa. Shule inauza uaminifu. Mzazi anapolipa ada analipia kitu asichoweza kukipima leo, atakiona baada ya miaka saba. Anatafuta ishara ya nidhamu, na jina la mtu aliyeongoza mbio za dunia tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho ni ishara ambayo hakuna tangazo la redio linaloweza kuinunua. Tena ada huja kila muhula. Bayi aligeuza mavuno ya mara moja kuwa mavuno ya kila muhula, tena akiwa hana mtaji wa fedha, na kwa kazi ya mke ambaye magazeti humtaja kwa nusu sentensi. Ningetaka siku moja mtu aandike kitabu kizima juu ya Mama Anna Bayi na vitabu vyake vya hesabu.

Linganisha na mchezaji wa besiboli aliyekuwa na kila kitu. Curt Schilling, mrushaji mkubwa, bingwa na Boston Red Sox mwaka 2004 na 2007, alistaafu akiwa amelipwa zaidi ya dola milioni 100 katika maisha yake ya uwanjani. Alianzisha kampuni ya michezo ya kompyuta, 38 Studios, jimbo la Rhode Island likaidhamini mkopo wa dola milioni 75, na mwaka 2012 ikafilisika. Mwenyewe alisema amepoteza kama dola milioni 50. Aliweka karibu mavuno yote kwenye shamba moja ambalo hakuwahi kulilima, na jirani zake walikuwa wakimwambia yeye ni bingwa.

Hasheem Thabeet, mcheza kikapu, anastahili nafasi hapa pia, kwa sababu ndiye Mtanzania aliyeigusa fedha ya michezo ya Marekani kwa mkono wake. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kwenye NBA, na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mshahara wa msimu wa kwanza ulizidi dola milioni 4, yaani zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa dola ya wakati ule. Nchi nzima ilipiga hesabu hiyo kwenye vijiwe vya kahawa. Wachache walisoma mkataba: kwa mchezaji mpya wa aina yake miaka miwili tu ni ya uhakika, wa tatu na wa nne ni hiari ya timu. Wa tatu alipewa, wa nne ukaachwa. Alipitia Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014, akiwa na miaka 27, mlango wa NBA ukafungwa baada ya michezo 224. Ameendelea kucheza Japani, Taiwan na nyumbani. Tulimcheka sana kwa pointi zake chache, na jambo hilo linaniuma. Tulipaswa kujifunza kwake kwamba mkataba mkubwa duniani unaweza kuwa na miaka miwili tu ndani yake.

Lakini swali gumu zaidi ni hili: Bonilla alipata wapi nguvu ya kumwambia mwajiri wake "nilipe baadaye, na unilipe riba"? Hakuzaliwa nayo. Aliirithi.

Mpaka katikati ya miaka ya sabini mchezaji wa besiboli alikuwa mali ya klabu. Kifungu kimoja kwenye mkataba kilimfunga maisha yake yote. Klabu ingeweza kumuuza au kumkalia, na hakuwa na pa kwenda. Mwaka 1967 kima cha chini kilikuwa dola 6,000 kwa mwaka. Oktoba 1969 klabu ya St. Louis ilimhamishia Philadelphia mchezaji wake Curt Flood, mtu mweusi aliyekuwa analipwa dola 90,000, nyingi kwa wakati wake. Flood akakataa. Akaandika kwamba yeye si kitu cha kununuliwa na kuuzwa, akaenda mahakamani hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1972 akashindwa kwa majaji watano dhidi ya watatu. Maisha yake uwanjani yalikuwa yameshakwisha. Hakuwahi kuwa tajiri. Desemba 1975 mwamuzi wa migogoro, Peter Seitz, akakivunja kifungu kile katika shauri la wachezaji wengine wawili, na mishahara ikapanda kama unga wa ngano uliotiwa hamira: mwaka 1992 wastani ulizidi dola milioni moja, na leo kima cha chini ni zaidi ya dola 700,000. Bonilla alivuna shamba lililofyekwa na Flood.

Nikisoma habari za Flood namkumbuka Feisal Salum. Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga, akaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu: milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Kamati ya TFF, shirikisho la soka, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Alikaa nje miezi mingi, akiwa kwenye umri ambao kila mwezi una thamani ya mwaka, mpaka Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba Yanga walimalize, na akaenda Azam. Mashabiki tuligawanyika kwa rangi za jezi. Upande wa mashabiki sina nia ya kuusema. Ninachosema ni kwamba mshahara wa milioni nne kwa mwezi, kwa mmoja wa viungo bora nchini, ulijulikana kwetu kwa sababu tu alilazimika kuurudisha, na kwamba jambo la mkataba lilihitaji neno la Rais ili liishe. Penye chama chenye nguvu cha wachezaji, Rais hahitajiki.

Chama cha wachezaji wa besiboli kilipata kiongozi wake mkubwa, Marvin Miller, mwaka 1966. Mgomo wao wa kwanza ulikuwa Aprili 1972, siku 13, michezo 86 ikafutwa. Na waligomea nini? Pensheni. Vijana wenye misuli, wenye miaka 25, walitoka uwanjani kwa ajili ya fedha watakayoiona wakiwa wazee. Matunda yake: leo mchezaji aliyekaa kwenye kikosi cha ligi kuu siku 43 tu ana haki ya pensheni, na aliyefikisha miaka 10 anapata kamili. Siku 43! Msimu wa kilimo cha maharage ni mrefu kuliko huo. Wala mambo hayakuwa ya haki kwa wote: sharti la siku 43 lilikuja mwaka 1980, na mamia ya waliocheza kabla yake bila kufikisha miaka minne waliachwa nje.

Kwetu sheria inataka kila mwajiri, na klabu ni mwajiri, achangie mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF: asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu yake ikikatwa kwa mfanyakazi. Kupata pensheni ya kila mwezi unahitaji michango ya miezi 180. Ni miaka 15. Hesabu mwenyewe: mchezaji aliyeanza kulipwa na miaka 20 akaacha na 33, bila msimu hata mmoja wa kukaa bila timu, ana miezi 156. Mfumo umeshonwa kwa mwalimu na karani, na goti la mchezaji halikupimwa. Nisingependa sheria ivunjwe kwa ajili ya wanasoka. Ningependa TFF na SPUTANZA, chama cha wanasoka wetu, wakae na mfuko na kuuliza kama mchezaji anaweza kuchangia mara mbili ya kiwango katika miaka yake ya neema, na miezi yake ihesabiwe hivyo.

Kabla sijasahau, kuna hatari nyingine ambayo mkulima wa Ufipa atanielewa bila maelezo. Januari na Februari, ghala likiwa tupu, anakuja mtu na fedha mkononi. Mahindi yapo shambani, mabichi, hayajabeba hata mbelewele. Anayanunua hapohapo kwa bei ya kutupa, na Julai anakuja na lumbesa zake kuyabeba. Nilidhani ni ugonjwa wetu. Kumbe Marekani ipo kampuni, Big League Advance, inayowapa vijana wa ligi za chini za besiboli fedha leo kwa sehemu ya mapato yao yote ya kesho. Fernando Tatis Jr. aliingia nayo mkataba mwaka 2017 akiwa na miaka 18. Alipokea dola milioni 2 kwa asilimia 10. Mwaka 2021 akasaini mkataba wa miaka 14 wa dola milioni 340. Asilimia 10 ya hiyo ni milioni 34. Mwaka 2025 alikwenda mahakamani kuupinga. Watetezi wa biashara hii husema wengi wa vijana hao hawafiki ligi kuu na hawarudishi kitu, na ni kweli. Hata mlanguzi wa mahindi mabichi husema mvua zingeweza kukatika. Bado anayeamua bei ni yule ambaye hana njaa.

Msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons walileta michezo yao ya nyumbani hapa, Uwanja wa Nelson Mandela, na Oktoba 2020 wakawafunga Simba bao moja kwa bila. Mji ulilala umechelewa. Siku zile kila kijana wa Mazwi na Malangali aliyejua kupiga chenga aliamini amebakiza hatua moja. Mmoja wao, mtoto wa jirani yangu, alifanikiwa baadaye kusajiliwa na klabu moja ya ligi, mbali na hapa. Alicheza misimu mitatu kisha goti likamrudisha. Fedha ya usajili ilinunua gari ambalo halipo tena, na boma ambalo lipo, bila paa.

Alikuja kwangu mwaka jana, baada ya shikamoo akakaa kimya kirefu. "Mzee," akasema, "nimeambiwa wewe unajua hesabu za NSSF." Tukaomba taarifa ya michango yake. Misimu mitatu ni miezi 36. Taarifa ilionyesha miezi 19. Mingine ilikatwa kwenye mshahara na haikufika mahali. Tumeandika barua, tunafuatilia.

Ana miaka 29. Nikamwonyesha kwenye karatasi: imebaki miezi 161, na mfuko unapokea michango ya waliojiajiri, si lazima kuwa na klabu wala kampuni. Akichangia kila mwezi bila kuruka atafika akiwa na miaka 42 na ushee. Alilitazama lile karatasi muda mrefu, akauliza kama anaweza kuondoka nalo. Analima ekari tatu za maharage upande wa Mbizi, na jioni anafundisha watoto mpira pale Mandela. Mwezi wa 20 ameulipa mwenyewe, siku aliyouza gunia la kwanza.